Safari za Desemba na Uamuzi wa Kurudi Nyuma

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa kwaya na vyama, walimu, madereva na waongozaji wageni kabla ya likizo ya Desemba.



Jumamosi tarehe 4 Desemba 2021, basi lililojaa wanakwaya na jamaa zao lilitoka Mwingi, Kaunti ya Kitui, likielekea Nuu. Walikuwa wakienda harusini. Njia hiyo hukata mto Enziu, mmoja wa ile mito ya Ukambani ambayo sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga tu, ng'ombe na bodaboda wakipita bila wasiwasi. Siku hiyo mto ulikuwa umefurika na maji yalikuwa yakipita juu ya daraja. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama, baadhi wakiwa na simu mkononi, na ndiyo maana nchi nzima iliona kilichofuata. Basi liliingia majini polepole. Lilisonga, likaanza kuegemea upande ambao maji yalikuwa yakielekea, kisha likalala na kuzama. Zaidi ya watu 30 walifariki, watoto wakiwemo. Wengine walitolewa majini wakiwa hai.

Ajali nyingi za barabarani hutokea kwa muda wa kupepesa jicho. Gurudumu linapasuka, lori linakatiza, na hakuna anayepata nafasi ya kufikiri. Ya Enziu ni tofauti. Basi lilifika mtoni, maji yalionekana, na barabara ya kurudi Mwingi ilikuwa wazi nyuma yake. Mazungumzo ya leo yanahusu muda huo mfupi, dakika chache kabla gurudumu la mbele halijaloa. Hakuna nia ya kumlaumu yeyote aliyekuwa ndani ya basi lile. Ila humu ukumbini wamo viongozi ambao Desemba hii watafika kwenye mto kama ule wakiwa na watu hamsini nyuma yao, na harusi inangoja.

Kwanza, maji yenyewe. Dereva mzoefu hutazama basi lake, hutazama maji yanayofika magotini, na akili humwambia kwamba chombo cha tani kumi hakiwezi kubebwa na kitu kinachofika magotini. Hesabu hiyo ina kosa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo mita moja ya ujazo ni tani nzima. Chukua basi lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 2.4. Maji yakishafika kwenye sakafu yake, kila sentimita 10 zinazoongezeka huliinua kwa nguvu ya tani 2.4, mpaka maji yaanze kuingia ndani. Sentimita 10 ni kama upana wa kiganja cha mtu mzima. Tena si lazima basi lielee kabisa ndipo lichukuliwe. Inatosha lipungukiwe na uzito hadi matairi yasishike saruji vizuri, na kwa kuwa mto hulisukuma ubavuni, upande ulio mpana kuliko yote, linaanza kuteleza.

Gari dogo hufikia hatua hiyo mapema. Wataalamu wa mafuriko hukadiria kwamba sentimita 30 za maji yaendayo kasi zinatosha kulichukua gari dogo, na sentimita 60 huchukua magari mengi ya kawaida, yakiwemo yale marefu ambayo wenyewe huyaamini sana. Mtu anayetembea anaweza kuangushwa na maji ya sentimita 15, yaani yanayopita kidogo tu vifundo vya miguu. Halafu kuna kasi. Mto ukienda mbio mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne, na macho hayawezi kupima tofauti hiyo. Wala hayawezi kuona chini ya maji ya matope, ambako huenda kipande cha daraja kilishabebwa saa moja iliyopita.

Kuna pia habari ya gari la mbele. Mara nyingi anayevuka mto uliofurika amemwona mwingine akivuka. Lori la mchanga limepita salama, basi mwenye matatu anasema naye atapita. Lakini lori lilikuwa na mzigo mzito, sakafu yake iko juu, na maji yalipata nafasi ya kupita chini yake. Isitoshe, lilipita dakika kumi zilizopita, na kwa mto unaojaa, dakika kumi ni nyingi. Hapo kivukoni huwepo pia vijana wanaoelekeza magari kwa malipo kidogo. Wanaujua mto kuliko mgeni yeyote na mara nyingi ushauri wao ni wa kweli, ila ikumbukwe kwamba wanalipwa gari likivuka. Hakuna anayewalipa kwa kusema, "Ngojeni."

Swali linaloulizwa sana kabla ya safari ni hili: huko kunanyesha? Mara nyingi jibu lake halimsaidii msafiri. Tarehe 8 Septemba 2019, kundi la watalii liliingia katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Wengi hapa wanaijua, kwa kuwa ni mojawapo ya hifadhi chache ambamo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, na shule nyingi huwapeleka wanafunzi huko. Korongo lenyewe ni jembamba, kuta za mawe zimepanda pande zote mbili, na zipo sehemu ambazo mtu hawezi kutoka ila kwa kwenda mbele au kurudi alikotoka. Maji ya ghafla yaliwakuta humo. Watu saba walifariki, akiwemo mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza. Septemba si msimu wa masika wala wa vuli. Mvua ilikuwa imenyesha sehemu za juu, na korongo likayakusanya maji yote na kuyashusha kwa pamoja.

Kinachouma zaidi ni kwamba ilikuwa mara ya pili. Aprili 2012, vijana wa kanisa waliokuwa matembezini walikumbwa na mafuriko katika korongo hilohilo na saba kati yao wakafa. Saba, kisha saba, na miaka saba katikati, muda wa kutosha kwa watu kusahau. Baada ya mkasa wa 2019, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilifunga korongo hilo. Lakini kwa anayejua kuyatazama mawe, onyo lilikuwepo tangu zamani. Kuta zile laini, zilizopindapinda kama sabuni iliyotumika, zilichongwa na maji, tangu enzi ambazo ziwa la kale la Naivasha lilikuwa kubwa zaidi na lilikuwa likitokea hapo. Wageni huzipiga picha kwa sababu ya uzuri wake.

Kwa hivyo kiongozi wa safari aulize maji ya mto ule hutoka wapi, na kama huko kumenyesha. Sabaki inayoingia baharini karibu na Malindi huanza kama Athi, na mvua kubwa ikinyesha Nairobi, Malindi hupokea. Tana hubeba maji ya Mlima Kenya na Aberdare hadi Garissa na Garsen, yakawafikia watu walio kwenye jua kali ambao hawajaona wingu juma zima. Aprili 2024, basi la abiria lilisombwa na mafuriko eneo la Tula, kwenye barabara ya Garissa na Nairobi. Abiria 51 waliokolewa, na kila aliyeiona habari ile akiwa amekwisha kuona ya Enziu alijua ingeweza kuwa nini.

Wiki chache baadaye, usiku wa kuamkia Mei 1, mto Talek ulivunja kingo zake katika Maasai Mara na maji yakaingia katika kambi zaidi ya kumi. Watalii na wafanyakazi walitolewa, wengine kwa helikopta. Hao ni wageni waliolipa pesa nyingi ili walale karibu na mto wasikie viboko usiku. Kambi hujengwa pale kwa sababu hiyo, na mto hufika pale kwa sababu zake wenyewe.

Katika jambo hili serikali nayo ina lake la kukubali. Matangazo ya hali ya hewa hutoka kwa wakati, na ofisi za kaunti huyasambaza. Tatizo ni kwamba yakifika kwa mwananchi huwa yamebaki na sentensi moja, kwamba mvua kubwa inatarajiwa katika maeneo kadhaa ya nchi. Sentensi hiyo ni kweli. Lakini mwalimu anayetaka kujua kama avuke mto fulani Jumamosi saa tatu asubuhi na watoto arobaini hana la kufanya nayo. Huisoma kwenye WhatsApp, huituma kwa kikundi kingine, kisha huondoka kama alivyopanga. Kinachosaidia zaidi ni simu mbili. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ina maafisa katika kaunti, na wanaweza kuulizwa kuhusu sehemu maalumu. Simu ya pili ni kwa mtu anayeishi upande wa juu wa mto, iwe ni chifu, mwalimu, mwenye duka au jamaa ya mwanakwaya. Mtu huyo akichungulia dirishani anajua yatakayofika kwenye kivuko baada ya saa mbili.

Hata hivyo, kujua peke yake hakumzuii mtu kuvuka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ikielekea Pemba. Sikukuu ya Idi ilikuwa imepita siku chache, na watu wengi walikuwa safarini. Meli ilikuwa imebeba watu na mizigo kupita uwezo wake. Mamia walipotea. Baadhi ya walionusurika walielea usiku kucha wakiwa wameshikilia magodoro yaliyokuwa sehemu ya mizigo.

Katika taarifa za siku zile kulikuwa na jambo moja ambalo halitajwi sana. Baadhi ya abiria walipoona jinsi meli ilivyojaa, walikataa kuipanda. Inafaa kufikiria kukataa huko kulivyokuwa. Tikiti imekwisha kulipwa. Nyumbani wanakungoja. Mamia ya watu wanaingia bila kusema neno, miongoni mwao wazee wenye busara na kina mama wenye watoto wachanga, nawe unajitoa kwenye foleni na furushi lako huku mtoto akiuliza kwa nini. Saa ile hakuna anayekupongeza. Huenda unaonekana mwoga, au mtu anayependa kujitia ujuaji.

Mombasa ilikuwa imeyaona hayo kabla. Tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyojaa kupita kiasi ilizama kwenye kivuko cha Mtongwe, si mbali na nchi kavu, na watu 272 wakafa. Wale hawakuwa kwenye likizo. Wengi walikuwa wakivuka kama walivyovuka kila siku, na chombo kinachojaa kila siku na kufika humfanya mtu asahau kuwa kimejaa.

Kwa hivyo linalowavusha watu mara nyingi ni pesa na haya. Chama cha akina mama kimechanga tangu Februari ili wanachama waone bahari. Gari limekodiwa kwa siku moja. Dereva akirudi bila kufika, mwenye gari atauliza, na kiongozi wa safari ataulizwa mkutanoni pesa za watu zilikwenda wapi. Wakati huohuo simu hazikomi kutoka kwa wenye harusi. Mmefika wapi? Na jibu, kama ilivyo desturi, ni kwamba tumekaribia, tuko hapo tu, hata kama basi limesimama kilomita arobaini nyuma. Uongo huo mdogo una madhara yake, kwa sababu wenyeji wakiambiwa ukweli kwamba mto umejaa, wengi wangesema wenyewe, "Msivuke." Harusi huchelewa kwa sababu ya keki na kwa sababu ya mpiga picha. Inaweza kuchelewa kwa sababu ya mto.

Tena mito ya msimu hujaa haraka na hupungua haraka. Mara nyingi mto uliokuwa haupitiki asubuhi huwa umeshuka ifikapo jioni, au kesho yake. Anayengoja hapotezi safari yote. Anapoteza saa kadhaa, na pengine gharama ya kulala njiani.

Gharama hiyo ndiyo inayopaswa kuzungumzwa sasa, kwa sababu uamuzi wa mtoni hufanywa kwa sehemu kubwa siku ya kukodi gari. Dereva anayejua kwamba akirudi atakatwa malipo, amekwisha kusukumwa nusu ya njia kuingia majini. Makubaliano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari: dereva akirudi kwa sababu ya maji atalipwa sawa na aliyefika. Mwenye gari mwenye akili hatakataa, maana basi lililorudi bado ni basi. Sehemu ya mchango itengwe kwa dharura, ijulikane na wote, ili mweka hazina asitetemeke watu wakilazimika kulala mjini.

Pia achaguliwe mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho kuhusu kuvuka, na jina lake litajwe kabla basi halijaondoka. Asiwe dereva, kwa sababu dereva ana mwajiri. Asiwe jamaa wa bwana harusi. Katika kwaya nyingi yupo mama mmoja ambaye akisema watu washuke, watu hushuka, na hata mwalimu wa kwaya hamjibu. Huyo ndiye. Kwa safari za shule awe mwalimu, na ajue kwamba yeye anabeba zaidi kuliko kiongozi wa chama. Mtu mzima ana uwezo wa kufungua mlango na kushuka. Mtoto wa darasa la nne hawezi kumkatalia dereva, na hawezi kumkatalia mwalimu.

Mkifika kwenye maji, abiria washuke kwanza, wakae mbali na ukingo, kisha ndipo mazungumzo yaanze. Ni vigumu kufikiri vizuri ndani ya basi ambalo injini inanguruma na wimbo unaendelea. Kama hamuoni saruji ya daraja, hamna daraja la kuvuka. Usiku haifai hata kujadili. Gari likikwama na maji yakipanda, madirisha yafunguliwe mapema, kabla maji hayajayabana, na watu watoke kwenda juu ya paa. Kila basi lina dirisha au mlango wa dharura. Makondakta walioko hapa waulizwe leo kama wanajua wa kwao uko wapi na kama unafunguka, kwa maana milango mingi ya namna hiyo hupakwa rangi mpya kila mwaka bila kufunguliwa hata mara moja.

Kwa wanaopeleka watu baharini au ziwani, neno ni fupi. Jaketi za kuokolea zivaliwe kabla ya chombo kung'oa nanga, na idadi ya watu ihesabiwe ikiwa pamoja na watoto waliopakatwa. Jaketi zilizofungwa kwa kamba chini ya viti ni mapambo. Abiria akiona chombo kimejaa, nauli yake ni ndogo, aiache.

Nambari za dharura ni 999 na 112 kwa polisi, na 1199 kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Ziandikwe kwenye karatasi, kwa sababu simu iliyoloa haina nambari yoyote. Orodha ya majina ya wasafiri iachwe nyumbani kwa mtu anayejulikana, sio kwenye basi. Familia zinazongoja habari hupata mateso ya ziada pale ambapo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika nani alikuwa ndani ya gari.

Vikundi ambavyo vimekwisha kulipa gari la Desemba havijachelewa. Mwenye gari anapatikana kwa simu wiki hii, na swali la kumuuliza ni moja tu: tukifika mtoni tukarudi, dereva wako utamlipa?